Mkate Uliosubiri Mkononi

Filiberto Coyoy alipata tisini na nane kwa mia katika mtihani wa somo la Neema, na zile mbili alizokosa akazikatia rufaa. Nilimrudishia moja. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba mwokaji huyu hakuijua theolojia. Aliijua kunishinda, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake.

Seminari yetu ilikuwa mjini Quetzaltenango, lakini wazee wa makanisa ya milimani wana wake, mashamba na wanyama. Hawawezi kuviacha miaka mitatu ili waje kulala bwenini na kula uji wa shayiri. Kwa hiyo seminari ilipandishwa pikipiki ikawafuata, na dereva wa pikipiki nilikuwa mimi. Kila Alhamisi alasiri nilifika kijijini Pachoj, nikakutana na wanafunzi wanne nyuma ya tanuri la Filiberto, kwa sababu kanisani kulikuwa na baridi ya kukausha meno. Wao walikuwa wamesoma kitabu wiki nzima majumbani. Kazi yangu ilikuwa kuwauliza yale waliyoyasoma yanahusianaje na maisha yao. Mara nyingi hayakuhusiana, tukaendelea na sura inayofuata.

Filiberto alikitundika kitabu chake juu ya bao la kukandia unga, akasoma huku anakanda. Kurasa ziling'aa mafuta ya nguruwe. Mtu aliyeingia kununua mikate sita alitoka na mikate sita pamoja na tofauti kati ya kuhesabiwa haki na kutakaswa. Walimwita Daktari wa Mikate. Siku moja nilimsikia mama mmoja akimwambia mlangoni, "Daktari, nipe minne, tena leo usinifundishe kitu, nimeacha maharage motoni." Alimfundisha. Maharage yaliungua, na kesho yake mama akarudi kununua mikate na kumtukana.

Somo la mwisho liliitwa Huduma kwa Vitendo, na fomu yake niliitunga mimi mwenyewe, mezani kwangu, nikaisifu. Kila mwanafunzi atembelee wagonjwa na wenye shida kumi. Kwenye kila ukurasa kulikuwa na maswali mawili: aliyetembelewa alihitaji nini, na je, alikipata? Chini yake palikuwa na nafasi ya aliyetembelewa kuweka dole gumba.

Filiberto alimaliza tisa kwa wiki mbili. Alikuwa mwepesi. Hodi, zaburi, sala, dole, kwaheri. Wanane walihitaji "maombi" na wakapata "maombi." Wa tisa alihitaji kamba ya ndama, na kwa huyo Filiberto aliandika "maombi, na kamba."

Wa kumi alikuwa Mama Nicanora Sacalxot, mjane wa miaka sabini na kitu, anayekaa nyuma ya kanisa. Miguu yake ilikuwa imevimba, na muuguzi wa zahanati alikuwa amewaambia wapwa zake waziwazi kwamba moyo umechoka, haufiki mbali. Filiberto alikwenda Jumanne, mikate ilipokwisha. Yaliyotokea alinisimulia yeye mwenyewe, bila kujipendelea.

"Hodi, mama."

"Karibu, katibu," akasema mama. Filiberto alikuwa katibu wa Baraza la Wazee, lakini katika kanisa letu watu huitana ndugu, na alishangaa kidogo. Alisoma zaburi, akaomba, akatoa fomu na kidau cha wino.

"Hapo panasemaje?" mama akauliza.

"Panauliza ulihitaji nini, na kama umekipata."

"Andika sijakipata."

"Lakini nimekuombea, mama."

"Umeomba vizuri sana. Na mimi huwa naomba, wala siendi kwa watu na wino. Ninachotaka ni Meza ya Bwana."

"Basi mchungaji akija Desemba utashiriki na wenzako."

"Nimetengwa, mwanangu."

"Umetengwa? Nani amekutenga?"

"Wewe."

Filiberto alikwenda nyumbani akafungua kitabu cha mihtasari ya vikao vya Baraza, na kweli, habari ilikuwemo. Miaka mitano nyuma, jirani wa Mama Nicanora, Mkatoliki, alifiwa na mkewe. Katika zile siku tisa za kumwombea marehemu, Mama Nicanora aliwapikia waombolezaji tamali, na alipokuwa akiufunga unga wa mahindi kwenye majani ya mgomba, wenzake wakaanza kuwataja watakatifu mmoja mmoja, naye kwa mazoea ya utotoni akaitikia "utuombee" kama wao. Aliitikia mara kumi na mbili hivi. Mtu akahesabu, mtu akapeleka habari. Baraza likamtenga na Meza "mpaka litakapoona vema." Mwezi uliofuata mchungaji alihamishwa, wazee wawili wakafariki, na Baraza halikuona vema wala vibaya. Halikuona kitu. Aliyekumbuka ni mama peke yake. Kila Jumapili alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, mahali pa waliotengwa, na sahani ya mkate ilipopita aliinamisha kichwa. Sisi tulidhani anapenda upepo.

Nasema sisi, maana na mimi nilikuwamo. Mara tatu nilikaa benchi hilohilo, karibu naye, ili niwe jirani na pikipiki yangu. Sahani ilinifikia, ikamruka yeye, nami nikajiambia labda ana tumbo. Mara moja kati ya hizo tatu, Alhamisi iliyotangulia nilikuwa nimefundisha saa mbili nzima juu ya Meza ya Bwana. Naona haya hadi leo.

Alhamisi hiyo Filiberto aliniwekea kitabu cha mihtasari juu ya bao la unga. "Ni mwandiko wangu," akasema. "Hata mikato nimeiweka sawasawa."

Aliitisha Baraza. Walikuwa wanne pamoja na yeye, na mkubwa wao alikuwa Mzee Cupertino, mfuga nyumbu, mtu mnyoofu ambaye hakuwahi kumdhulumu yeyote wala kumsamehe yeyote. Kwa Cupertino mambo yalikuwa mepesi: kanuni ya kanisa inasema neno la kukiri lisikike mbele ya kusanyiko, ndipo aliyetengwa arudishwe kundini. Mama asimame aseme "nimekosa," yaishe.

Filiberto aliwaeleza habari ya neema, kutoka ukurasa wa sitini na mbili.

"Ukurasa wa sitini na mbili haukupika tamali za matanga," Cupertino akasema. "Aliyepika ni Nicanora."

Kura zilikuwa tatu kwa moja. Filiberto akarudi kwa mama.

"Mama, ni neno moja tu. Sema, nikuandikie."

"Nitakiri niliyoyatenda. Mwaka jana nilimmwagia maji mbwa wa Cupertino. Yalikuwa ya moto kidogo. Andika."

"Na tamali?"

"Watu arobaini walikuwa wanalia, hawajala tangu asubuhi. Nikisema kuwapikia ni dhambi, nitakuwa nimemdanganya Mungu, tena na moyo huu unaochechemea, sina siku za kuja kutubu uongo. Wewe umesoma. Nishauri."

Mtu wa tisini na tisa kwa mia alijaribu kumfariji kwa ufundi wake. Alimwambia kwamba mkate wa Meza anauoka yeye, kwa unga uleule wa mikate ya Jumamosi ambayo mama huinunua kila wiki. Kwa hiyo, ukiangalia sana, ni mkate mmoja.

"Najua," Mama Nicanora akasema. "Nimeula miaka mitano, tena kabla yenu, ungali moto. Mimi sikosi mkate, Filiberto. Nakosa kupewa."

Filiberto alinisimulia hayo huku anakanda, akaacha kukanda. Alisema katika vitabu vyangu vyote hakuliona neno hilo. Nikamwambia nami sikuliona.

Oktoba ikaisha. Nilimwambia fomu tisa zinatosha, nitampitisha, vyeti vinatolewa mwezi unaokuja.

"Fomu inasema kumi, Mwalimu. Na uliyeitunga ni wewe."

Jumamosi ya pili ya Novemba wanafunzi wenzake watatu walivaa majoho mjini, wakapigwa picha. Filiberto aliwaokea mikate ya sherehe, akaipakia kwenye basi, mwenyewe hakuja. Ilikuwa mizuri.

Mchungaji wetu mpya alikuwa kijana mwenye makanisa sita, kwa hiyo Meza ya Bwana tuliipata kila baada ya miezi miwili, akifika. Alifika Jumapili ya kwanza ya Desemba. Mama Nicanora aliletwa na wapwa zake wawili, wamembeba na kiti. Walitaka kumweka mbele, akakataa. Wakamhamishia benchi lake la mlangoni. Midomo yake ilikuwa na rangi ya bluu, na kila mtu aliona kwamba hii ndiyo Meza ya mwisho atakayoikuta. Nilikwenda nikakaa karibu naye. Safari hii sikuwa na habari na pikipiki.

Kwetu, wazee hupita na sahani, kila mmoja huchukua kipande chake akakishika, na hakuna anayekula mpaka mchungaji aone wote wameshika na kusema "tule." Cupertino alipita upande wa kushoto, Filiberto upande wa kulia. Filiberto akalifikia benchi letu la mwisho. Akanipa mimi. Kisha akasimama mbele ya mama, amemnyoshea sahani.

"Imeandikwa?" mama akauliza kwa sauti ya chini.

"Bado, mama."

"Basi pita. Sitaki kuiba mezani kwa Bwana."

Filiberto hakupita. Aliketi kati yetu, akaiweka sahani magotini.

Mchungaji akangoja. Watu themanini, mkate mkononi, wakangoja naye. Mtoto akaula wake, akafinywa.

"Ndugu Filiberto," mchungaji akaita, "sahani."

"Ninayo, mchungaji."

"Ilete basi."

"Haijawamaliza watu."

Watu wakageuza shingo. Cupertino akaona aibu kwa niaba ya Baraza, akasema kwa nguvu, "Mpite huyo! Ametengwa!"

"Ametengwa lini?" mchungaji akauliza.

"Miaka mitano."

"Kwa kosa gani?"

Ilibidi Cupertino aseme. "Tamali," akasema.

Mchungaji alitushukia polepole. Filiberto akatoa kitabu cha mihtasari ndani ya koti, na hapo nikajua kwamba hakuketi kwa bahati. Mchungaji akasoma, akarudia, akawauliza wazee kama wako tayari kulimaliza hapohapo walipo. Cupertino akasema yuko tayari tangu zamani, mama aseme tu neno moja. Mama Nicanora akatazama mbele. Pumzi yake ilisikika benchi zima.

Filiberto akasimama na sahani yake.

"Nimekosa," akasema. "Mimi ndiye niliyeandika, na mimi ndiye niliyesahau. Nimempita mama huyu na sahani hii mara thelathini nikitazama ukuta. Mara thelathini, ndugu zangu, na nilikuwa nimeyakariri maneno yote. Kanuni inataka neno la kukiri lisikike mbele ya kusanyiko. Limesikika."

"Lakini aliyetengwa ni yeye!" Cupertino akasema. "Wewe utamkiriaje? Mtu hawezi kubeba la mwenzake!"

Mzee Lisandro, mshona matandiko ya nyumbu, ambaye katika Baraza hupiga kura tu na hajawahi kuhutubia, akakohoa.

"Cupertino," akasema, "tazama ulichokishika mkononi."

Cupertino akatazama. Kile kipande cha mkate kilikuwa kimelowa jasho, kimeanza kuvunjika. Alikitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea kwa mtu mgumu namna ile.

"Ndiyo," akasema. "Kura yangu ni ndiyo. Na mbwa yule alistahili." Wale wengine wawili wakainua mikono iliyokuwa haina mkate.

Nilimpa Filiberto kalamu yangu. Akaandika palepale, kitabu kimelala juu ya benchi, mstari mmoja na tarehe, safari hii bila mikato. Akamsomea mama. Mama akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akamnyoshea sahani na kusema, "Mwili wa Bwana, mama, kwa ajili yako." Mimi nililia, sifichi.

Mama Nicanora akachukua kipande chake, akakiweka katikati ya kiganja.

Mchungaji akarudi mbele. "Tule," akasema.

Mama hakula. Alikuwa akikitazama kile kipande, akakigeuza upande wa pili, akakitazama tena. Na kwa kuwa yeye hakula, benchi letu halikula, na kwa kuwa benchi letu halikula, la mbele yetu nalo likageuka, likaona, likashusha mikono.

"Mama," Filiberto akamnong'oneza, "watu wote wanakungoja."

"Nimewaona," akasema. "Wangoje kidogo. Mimi nilingoja."

Tukangoja, watu themanini na mchungaji wao, mkate mkononi, mpaka yeye alipokuwa tayari.