Kisutu cha Buluu

Johari hakai kitako. Huyu ni mwana wa ndugu yangu Mahfudh, na hapa Junda yuwakaa kwangu tangu alipoiacha kazi ya ofisi kule Changamwe. Hula amesimama. Usingizi wake ni wa paka. Kazi yake sasa ni kutengeneza maduka ya kwenye simu, mtu achague kitu bila kutoka nyumbani. Babake hakuipenda. Alimwambia mbele yangu, "Mteja wako wa kwanza akikukimbia, urudi ofisini." Mimi nikasema hatarudi, na nikishasema nimesema.

Mteja huyo wa kwanza ni Wardah, muuza leso, mwanamke wa maneno makali. Johari alipiga picha leso moja tu ya kila mtindo, rangi zilizobaki akaziachia kompyuta. Siku aliyoanza kuzigeuza alininyang'anya ungo ili anifahamishe.

"Shangazi, chukulia rangi zimepangwa ukingoni. Hapa nyekundu, halafu manjano, kijani, buluu, zambarau, mpaka urudi kwenye nyekundu. Mimi naiandikia kompyuta izungushe ungo kiasi hiki, na leso nzima inageuka."

"Na mchele wangu usigeuke," nikamwambia. Lakini nilifahamu, nisifanywe mjinga.

Kosa lake ni kuzizungusha leso zote, na kisutu kimo.

Alhamisi asubuhi Wardah akaingia, hodi moja, hakungoja karibu. "Shikamoo, Bi Mwanasaumu. Yuko wapi fundi wako?"

"Abee," Johari akaitika.

"Kisutu cha buluu umekiona wapi, mwanangu? Kuna mama wa Mjambere, Milcah, amekichagua kwenye hilo duka lako, yeye na wenzake wa chama, wakivae Jumamosi kwenye harusi ya mwanawe. Nimepekua stoo yote. Hakuna, na hakuna kiwanda kinachokichapa."

Kisutu kwetu ni chekundu, cheusi na cheupe, leso ya bibi harusi. Johari aliyajua hayo tangu hajang'oa meno ya utoto.

"Nilizungusha tu," akasema. "Sikutazama nazungusha nini."

"Basi kamwambie wewe. Akivunja oda, mimi na duka lako basi."

Johari akaiandikia kompyuta pale pale dirishani, amesimama, kisutu kisigeuke tena kabisa. Kisha akasema anakwenda Mjambere. Nikavaa buibui. Akaanza habari za magoti yangu, nikatangulia mlangoni.

Milcah alitupokea vizuri mpaka aliposikia. "Ati haiko? Na niliiona kwa macho yangu."

"Uliyoiona ni rangi niliyoitia mimi, mama. Leso yenyewe ni nyekundu tu."

"Si basi mniletee hiyo nyekundu."

"Ukiivaa hiyo," nikamwambia, "watu watauliza ni wewe unayeolewa au ni mkaza mwanao."

Akacheka, lakini uso ukarudi pale pale. Ameshawaambia wenzake buluu.

Johari akamfungulia mtindo mwingine, wenye mapambo ya korosho, buluu. Milcah akautazama sana. "Hii nayo iko, ama ni ya simu?"

Johari akampigia Wardah, amwombe aitandaze leso hiyo juani aipige picha. Picha ikaja. Buluu ya Wardah ilikuwa nzito, imeelekea zambarau. Ya duka la simu ilikuwa nyepesi, kama mbingu. Milcah akaziona zote mbili. Johari akakaa kitako. Akaweka kompyuta magotini, akaandika nambari, akatazama, akafuta, akaandika nyingine. Milcah akasogeza kiti.

"Ongeza. Hapana, umepita. Rudi kidogo."

Wakakaa hivyo, vichwa karibu vigongane, na mimi chai yangu hakuna aliyeikumbuka, mpaka buluu mbili zikawa moja.

"Hii," Milcah akasema. "Sasa najua ni gani inakuja. Hao wengine wataniskia."

Ijumaa leso zikafika Mjambere. Wardah hakumsifu mtu. Alisema, "Kila leso iliyo stooni uje uilinganishe na picha yake, moja moja. Isiyolingana usiiweke."

Mahfudh akapiga simu kuuliza kama mwanawe anarudi ofisini, nimpe simu amsikie mwenyewe. Nikamwambia hayupo, ametoka tangu alfajiri, yuko kazini kwa Wardah.