Mpiga Dramu wa Injini Baridi

Kila redio ilipoupiga wimbo wa nne wa albamu iitwayo Injini Baridi, Kangethe alinyoosha mkono akapunguza sauti. Hakuuzima. Aliupunguza tu mpaka ukawa kama mtu anayezungumza chumba cha pili, kisha akaendelea kumtafutia mteja plagi au kebo ya klachi. Duka la spea la baba yake, Mzee Wachira, lilikuwa na kaunta yenye wavu iliyotazama barabara, na vijana wa bodaboda walipenda kuiegemea hata wasipokuwa na cha kununua.

"Si hiyo ni Grisi, ile bendi ya Kisian?" mmoja wao aliuliza siku moja. "Nasikia mpaka Ulaya wanaipenda."

"Nasikia pia."

"Huyo anapiga dramu ni mwendawazimu. Sikia hiyo! Kama mtu anavunja mlango wa polisi."

"Ulisema unataka plagi ya pikipiki gani?"

Mwendawazimu huyo alikuwa yeye mwenyewe. Ilikuwa mikono yake ileile iliyokuwa ikipapasa rafu sasa hivi. Kijana akalipa, akawasha pikipiki, akaondoka akiimba.

Grisi ilizaliwa katika gereji ya Absalom, pale Kisian, kando ya barabara ya Busia. Absalom hakufanya kazi siku ya Mungu, na kwa sababu zake mwenyewe aliona kuwa kupiga gitaa si kazi. Basi kila Jumapili baada ya ibada aliwaachia ufunguo. Oluoch alikuwa na gitaa na sauti. Selpha, mwalimu wa chekechea kutoka Kombewa, alipiga besi. Kangethe alikuja na dramu tatu za kuungaunga, na dramu ya breki ya lori aliyoitoa katika vyuma chakavu vya baba yake. Waliifunga kwa mnyororo wakaining'iniza kwenye boriti. Ukiigonga kwa spana ililia kama kengele ya shule iliyoghadhibika.

Watu wa Kisian waliwacheka. Mji ule una muziki wake, na gitaa lao lilikuwa likikoroma wakati gitaa la watu linatakiwa kuimba. Akina mama wauza omena, wale dagaa wa ziwani, walisema hao ni Wazungu wenye njaa. Lakini Oluoch alifanya jambo moja ambalo hakuna bendi ya roki iliyokuwa imelifanya pale: aliingiza pakruok. Katika ngoma za Wajaluo, msikilizaji ana haki ya kusimamisha wimbo. Ala zinashuka chini, yeye anasimama anajisifu mbele ya watu, yeye na rafiki zake na kwao, kisha wimbo unapanda tena. Mwimbaji naye huwaita watu kwa majina yao ya sifa, na aliyeitwa hutembea wiki nzima akiwa mrefu kuliko mlango wake. Oluoch aliliweka hilo katikati ya kelele za gitaa, na wauza omena wakaacha kucheka. Wakaanza kusogeza karai zao karibu na mlango wa gereji ili nao watajwe.

Baadaye magazeti ya Nairobi yaliandika kurasa nzima juu ya "sauti mpya". Mpya kwa nani? Kisian ilikuwa nayo mwaka mzima, bure, na hakuna aliyefunga safari kuja kuisikiliza mpaka mtu wa mbali alipoisifu kwanza. Ndivyo tulivyofundishwa kujipenda, kwa kibali.

Waliirekodi Injini Baridi palepale gerejini. Mvua ilishuka juu ya bati katika wimbo wa pili na hawakuifuta. Katika wimbo wa nne, Oluoch aliwataja watu wote wa Kisian: Absalom, wauza omena, kinyozi, fundi wa matairi, mpaka mbwa wa Absalom aliyelala chini ya trela. Walipomaliza, Kangethe aliweka spana chini.

"Omera, ndugu yangu, umemtaja hata mbwa. Mimi je?"

Oluoch alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Nikutaje kwani wewe ni mgeni? Watu wanabisha hodi kwa jirani. Kwako unaingia tu."

"Sisi watatu hatutajani," Selpha akasema. "Siku utasikia jina lako kwenye wimbo wetu, Okuyu, jua tumekufukuza."

Wakacheka wote, na Kangethe akacheka kuwashinda. Okuyu, yaani Mkikuyu. Mjini neno hilo lilikuwa na miiba, hasa miaka ya uchaguzi, pale ambapo baba yake alifunga duka mapema na kukaa gizani na redio. Kangethe alizaliwa Kaloleni, mtaa wa Kisumu, akala samaki wa Kaloleni, na Kijaluo chake kilikuwa kizuri kuliko Kikuyu chake. Huko Murang'a, binamu zake walimwita Mjaluo. Kisumu aliulizwa kwao ni wapi. Gerejini peke yake neno Okuyu lilikuwa laini kama tambara la kufutia mikono, na hakuna aliyemuuliza lolote kwa sababu jibu lilikuwa limekaa nyuma ya dramu.

Albamu ilikuwa haijatoka bado Mzee Wachira alipoanguka kwenye kaunta. Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia na karibu maneno yake yote. Mama yake Kangethe alikuwa ametangulia zamani, na hapakuwa na mtu mwingine. Kwa hiyo Kangethe akafungua duka asubuhi, akalifunga jioni, na Jumapili akamwogesha baba yake.

Oluoch alikuja akasimama upande wa pili wa wavu. "Shughulika na mzee. Kiti chako hakuna mtu atakikalia."

Alisema kweli alivyoijua siku ile. Lakini albamu ikatoka, ikashika moto. Nairobi ikaita, kisha nchi za mbali zikaita, na bendi haiwezi kupanda jukwaani na kiti kitupu. Wakamchukua kijana wa Nairobi aitwaye Byron. "Wa muda tu," Selpha alisema kwenye simu. Baadaye simu zikawa salamu, na salamu zikawa picha za viwanja vya ndege.

Ndipo likatoka tangazo kuwa Grisi wanarudi nyumbani kupiga onyesho moja alasiri, katika bustani ya hoteli kule Dunga, kando ya ziwa. Oluoch akatuma ujumbe wa neno moja: Njoo.

Kangethe alilisoma neno hilo mbele na nyuma. Njoo upige, au njoo utazame? Angeweza kuuliza. Hakuuliza, kwa sababu mwenye nyumba haulizi kama kuna kiti chake. Alimwomba jirani, Mama Winny, akae na mzee, kisha akatia vijiti vya dramu ndani ya jaketi.

Mzee Wachira aliviona. Akainua mkono wake mzima, akahangaika na mdomo mpaka neno likatoka. "Piga."

"Nitapiga, Baba."

Dunga ilikuwa imejaa. Alizunguka nyuma ya jukwaa, akakuta mlinzi ameketi kwenye kreti ya soda.

"Huku ni wasanii peke yake, Bwana. Wewe ni nani?"

Hilo ndilo swali ambalo hakuwahi kuulizwa na Grisi. Angeweza kusema: mimi ndiye hiyo sauti inayokufanya utikise mguu. Mlinzi angecheka, au mbaya zaidi, angeamini na kwenda kuuliza ndani. Kangethe akageuka, akaenda mbele kukaa na watu.

Byron alipiga vizuri, na hilo ndilo lililouma. Hakukuwa na kosa la kumshikia. Alikuwa safi, sahihi, kijana mwenye heshima anayewatazama wenzake kabla ya kila mkato. Dramu ya breki haikuwepo. Kando yake palikuwa na kisanduku kidogo cheusi, na alipokigusa kwa kidole, spika zilitoa mlio uleule wa chuma. Kangethe aliutambua. Lilikuwa pigo lake mwenyewe la Jumapili ile, spana yake, boriti ya Absalom, vyote vimefungwa ndani ya plastiki. Wangeweza kumpiga popote duniani bila yeye kuwepo.

Wimbo wa nne ukaanza, na watu wakapiga kelele maana huo ndio ulikuwa wimbo wa kutajwa. Oluoch akamwita Absalom, aliyesimama mbele na suti ya kanisani. Akawaita wauza omena, nao wakajibu kwa vigelegele. Akamtaja hata mbwa wa Absalom. Kisha macho yake yakatembea juu ya vichwa vya watu, yakakutana na macho ya Kangethe, na uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli.

Usiseme, Kangethe aliomba moyoni. Niite kwa mkono tu. Nipe ishara nipande.

"Na Kangethe!" Oluoch aliunguruma. "Kangethe wuod Wachira! Okuyu wa Kaloleni, mikono ya radi, rafiki yetu mkubwa! Mpigieni makofi!"

Bustani nzima ikageuka. Jirani yake mwenye kofia ya majani akamshika mabega. "Mzee, ni wewe? Umetajwa! Leo utalala wapi na hiyo sifa?" Watu wakampa mikono, msichana mmoja akampiga picha. Kati ya mamia ya watu waliokuwa pale, mmoja tu aliinamisha kichwa: besi ya Selpha ilikosa noti, ikakosa nyingine, na hakumtazama tena.

Aliyetajwa hujibu. Kipaza sauti kilipitishwa juu ya vichwa kikamfikia, naye akasimama. Byron, kijana wa watu, aliona mtu anataka kuzungumza, akaweka vijiti chini kwa adabu, na wenzake nao wakaacha. Ala zote zikanyamaza. Ukimya ukashuka juu ya Dunga, wakasikika mpaka ndege wa kwenye matete. Kangethe akabaki amesimama katikati yake kama mtu aliyenyang'anywa shuka.

"Ndugu yangu wa dramu," akasema, na sauti yake ilimtoka ndogo. "Usinyamaze. Hapa kwetu mtu akijisifu, dramu inashuka, haifi. Mtu hasemi uchi."

Watu wakacheka. Byron akavichukua vijiti haraka, akaanza.

"Chini zaidi. Usikimbie, hakuna mtu anakufukuza. Hapo. Hapo hapo, ikae."

Mapigo yakakaa. Yalikuwa mapigo yake, yale ya gerejini, na sasa yalikuwa mikononi mwa mtu mwingine na yalikuwa mazuri. Vijiti vilimchoma kifuani ndani ya jaketi.

"Mimi ni Kangethe," akasema, "mwana wa Wachira wa duka la spea. Nimekuja kwa Grisi. Nimebisha hodi, nao wamenifungulia kama mgeni wa heshima. Nani mwingine hapa ametajwa baada ya mbwa wa Absalom?"

Bustani ikalipuka kwa kicheko. Oluoch alicheka pamoja nao. Kisha kicheko kikamfia mdomoni. Alisogea hatua moja kuelekea ukingo wa jukwaa, kinywa wazi, lakini dramu ilikuwa imeanza kupanda, na wimbo uliokwisha kuinuka hauna mtu wa kuurudisha chini.

Kangethe akarudisha kipaza sauti, akatoka.

Selpha alimkuta langoni, jasho likimtoka, kamba ya besi bado begani. Nyuma yake watu walikuwa wakidai wimbo mwingine.

"Kangethe. Hatukujua tutakuambia aje."

"Mmeniambia."

"Oluoch amesahau ile maneno. Mungu moja, amesahau. Alitaka kukupa heshima."

"Najua. Ndiyo maana nimeipokea." Akamtazama vidole. "Rudi, wanakungoja. Na mwambie Byron mkono wake wa kushoto ni mzuri."

Jua lilikuwa bado juu alipofika Kaloleni. Mama Winny alikuwa amemlisha mzee na kumweka mlangoni. Mzee Wachira alimsikia mwanawe akija, akajivuta kwa kiti, nusu ya uso wake iliyobaki hai ikamngoja.

"Ulipiga?"

Kangethe alichuchumaa mbele yake akamfunga vizuri kifungo cha shati kilichoachia.

"Walinitaja, Baba. Mbele ya watu wote. Wakakutaja na wewe: wuod Wachira."

Mzee aliishi mjini hapa maisha yake yote ya utu uzima, na alijua vizuri uzito wa kutajwa. Akapiga goti lake kwa ule mkono mzima, polepole, mara nyingi, machozi yakimjaa.

"Sasa," akasema, akipigana na kila silabi, "sasa wewe... ni wa kwao."

"Ndiyo, Baba," Kangethe akasema, na akaenda kuchemsha maji.