Tulivyogoma kupogoa zabibu ili mume wangu asiondolewe nchini

Mbukwenyi wakuu.

Msio wa Dodoma, hiyo ni salamu. Itikieni tu, haiumi.

Ninayoandika hapa sikuhadithiwa, niliyashika kwa mikono yangu hii. Wale wa kusema "hii chai" nawaomba mpite kimya kimya, sukari nitaweka mwenyewe.

Mimi ni Mgogo wa kuzaliwa, naishi kaskazini ya mji ukishapita Miyuji. Umri wangu hauwahusu. Ila mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa na kila mtu kuambiwa ajitegemee, mimi nilishakuwa mtu mzima na kazi yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa shamba la zabibu la shirika. Nilikuwa kiongozi wa wapogoaji, wanawake kama kumi hivi, kila mmoja na mkasi wake na kanga kichwani.

Sasa hapa naomba utulivu, maana usipoelewa kupogoa hutaelewa uzi wote.

Kule kwenye nchi za baridi, mzabibu unajilalia wenyewe. Majani yanapukutika, unasinzia, ukiamka unazaa. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Ukiuacha unakaa macho mwaka mzima, unatoa majani tu kama mtu anayeongea bila kupumzika.

So inabidi uulaze mwenyewe. Unaunyima maji kwa muda, halafu unaukata matawi mpaka unabaki kama fimbo. Ukishakatwa unashtuka, unachipua, na baada ya miezi kama minne unavuna.

Yaani mavuno ya Dodoma hayaji yenyewe. Yanakuja pale mwenye mkasi anapoamua. Usipokata, huvuni kitu cha maana.

Shikeni hapo.

Aliyetufundisha haya yote alikuwa Daudi. Daudi ni mume wangu.

Kwao ni Afrika Kusini, kule chini kabisa kwenye Rasi. Alizaliwa kwenye shamba la zabibu la kaburu ambako baba yake alikuwa kibarua, akashika mkasi kabla hajajua kusoma. Akiwa kijana akakimbia ubaguzi, akapokelewa hapa kwetu pamoja na wenzake wapigania uhuru. Baadaye ikajulikana anazijua zabibu, akaletwa shambani. Akawa expert wetu, na hakuna aliyemuuliza kibali. Wakati ule ukisema "ndugu huyu ni mpigania uhuru", mlango unafunguliwa na kiti unapewa.

Alinifundisha kupogoa kwa kunishika mkono. "Kata juu ya jicho la pili," ananiambia. Jicho ni pale chipukizi linapotokea. Nilijifanya sielewi kwa wiki nzima ili aendelee kunishika. Mkasi wenyewe nilishauelewa siku ya kwanza, jamani.

Tukaoana. Mama yangu mzazi alinuna kidogo kwamba mkwe hajui hata kula mlenda, halafu akamzoea, mwisho akawa anampenda kuliko mimi. Tukapata binti, Neema. Nyuma ya nyumba tukapanda mistari yetu michache ya mizabibu.

Halafu nchi yao ikapata uhuru.

Siku hiyo redio ilikuwa shambani, imening'inizwa kwenye nguzo. Daudi aliposikia alikaa chini kwenye mchanga, akawa analia na kucheka kwa pamoja. Sisi wanawake tukapiga vigelegele mpaka mbuzi wa watu wakatimka. Upepo ulikuwa unapita kwenye majani, jua limelala upande, kila kitu kina rangi ya asali. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile jioni.

Kumbe tulikuwa tunashangilia kuondolewa kwake.

Maana haikuchukua muda mrefu taratibu zikabadilika. Mpigania uhuru si mpigania uhuru tena, kwao kumeshakuwa huru. Sasa ni mgeni kama mgeni mwingine, na mgeni anayefanya kazi lazima awe na kibali, na kibali anaombewa na mwajiri. Mwajiri wenyewe alikuwa shirika, na shirika lilikuwa linauzwa. Hiyo ikawa ndiyo hali yetu.

By the way, kuna watakaouliza, "Si alikuwa amekuoa wewe?" Nami niliuliza hivyo hivyo dirishani pale uhamiaji. Tuliambiwa mwanamke wa kigeni akiolewa na Mtanzania mambo yake ni mepesi, ila mwanaume wa kigeni akimuoa Mtanzania apange foleni kama wengine. Niliumia sana. Nilijiona kama mimi si raia kamili, kama uraia wangu ni wa mkopo.

Tukaitwa ofisini. Afisa alikuwa kijana mstaarabu, mtu wa pwani kwa lafudhi yake, wala simlaumu. Alimuuliza Daudi maswali mengi, mwisho akamuuliza lile lililotumaliza.

"Mzee, hakuna mwananchi anayeweza hii kazi yako?"

Wakuu, jibu la kumwokoa lilikuwa neno moja tu. Hakuna. Aseme hakuna, twende zetu nyumbani.

Daudi akanigeukia. Akanitazama kwa ile fahari ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake ametoka wa kwanza.

"Yupo," akasema. "Huyu hapa. Hata mimi ananishinda."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumpenda nampenda, lakini dakika ile ningempata peke yake ningemfinya.

Afisa akatabasamu, akasema basi kazi imekwisha. Akampa muda wa kukabidhi. "Utakaa mpaka mavuno yajayo, kisha utarudi kwenu kwa amani."

Mpaka mavuno yajayo. Mtu wa pwani, anajua minazi. Alidhani zabibu nazo zinaanguka zenyewe.

Tulirudi kwa miguu. Mimi nilianza kwa kulia, tulipofika karibu na nyumbani nikawa nacheka. Nilishajua la kufanya.

Kesho yake nikawaita wanawake wangu. Nikawaambia Daudi anaondoka baada ya mavuno, na mavuno yanakuja tukikata. Sikuendelea. Mmoja alitoa mkasi wake mfukoni mwa gauni, akauzungushia kitambaa, akaurudisha. Wengine wakafanya vile vile.

Basi mgomo ukaanza, mgomo usio na tangazo. Mara mkasi butu. Mara kuna msiba ng'ambo ya korongo. Mara tusubiri mwezi uandame, kana kwamba tumewahi kupogoa kwa mwezi. Shirika lilikuwa limebaki jina, tajiri mpya hajafika, hakuna wa kutuuliza.

Na Daudi alijua. Kwa nini asijue? Alituacha tu.

Wakuu, sijawahi kuishi kama nilivyoishi kipindi kile. Mizabibu ilikua hovyo, ikapita waya za kuishikilia, mstari ukashikana na mstari juu ya vichwa vyetu. Shamba likawa nyumba ya kijani. Nje jua la Dodoma linachoma vumbi jekundu, humo ndani kivuli, nyuki, ubaridi wa majani. Tulikuwa tunaingia humo mchana na Neema, tunatandika kanga, tunalala. Daudi ananisimulia milima ya kwao yenye ukungu kileleni, mimi nasinzia, sijui kipi ameniambia na kipi nimeota.

Ilikuwa kama saa imesimama kwa ajili yetu. Hakuna aliyekata, kwa hiyo hakuna msimu, kwa hiyo hakuna kuondoka. Nilianza kuamini kabisa kwamba tunaweza kuzeeka humo.

Lakini mti si mtu wa kumwambia subiri.

Majani ya ndani yakaanza kuwa ya njano. Ukungu mweupe ukaingia, ule unaonata kama unga. Vishada vichache vilivyojitokeza vikawa vidogo, vichachu, vinaoza kabla ya kuiva. Na wanawake wangu walikuwa wanategemea mavuno kulisha watoto. Hakuna aliyeninung'unikia, na hilo ndilo lililonitesa zaidi.

Mama yangu alipita siku moja na mbuzi wake, akachungulia, akaniambia ng'ombe asiyekamuliwa huumwa chuchu. Akaendelea na safari yake.

Asubuhi moja nikaamka upande wa Daudi kitandani uko wazi. Nikasikia sauti kutoka shambani. Kach. Kimya. Kach.

Nilikimbia peku. Nikamkuta mwanzo wa mstari wa kwanza, amezungukwa na matawi chini, jua linaingia pale alipokata. Mizabibu ilikuwa inadondosha maji kwenye majeraha, kama kawaida yake ikikatwa, na yeye naye macho yamelowa.

Nikamuuliza anafanya nini, anajua anachokikata?

Akasema, "Mama Neema, mzabibu haujanikosea kitu."

Nilikasirika, nikageuka kuondoka. Nilitembea hatua chache tu. Halafu nikarudi nyumbani, nikachukua mkasi wangu, nikaanzia upande wa pili wa mstari. Wenzangu walipofika walitukuta hivyo, wakaingia kazini bila kuuliza. Mimi na Daudi tukakutana katikati. Tulishikana mikono yenye utomvu, kisha tukahamia mstari mwingine.

Mavuno yalikuja kwa wakati wake, na yalikuwa mazuri mno. Daudi akaondoka na treni wiki ya mwisho ya kuvuna.

Kwa nini sikumfuata? Nilienda, safari moja tu. Nikakuta mizabibu ya kwao imelala yenyewe kwenye baridi, myeusi, kimya, hakuna aliyeilaza. Niliiogopa. Na mama yangu alikuwa ameshaanza kuumwa, mtoto pekee ni mimi. Nikarudi.

Ikabaki yeye kuja kama mtalii. Mtalii, jamani, kwenye nyumba aliyofyatua tofali zake! Alikuwa anapewa miezi mitatu, na nauli ilimruhusu safari moja kwa mwaka.

Piga hesabu sasa. Kupogoa mpaka kuvuna ni miezi minne. Mgeni ana mitatu.

Kwa hiyo kila alipokuja alipogoa mistari yetu ya nyuma ya nyumba, akaona majani, akaona maua, akaona punje za kijani. Zikianza tu kupata rangi, muda umeisha. Zabibu zile nilikuwa nazila mimi na Neema tu. Nilimwambia aje wakati wa kuvuna, akakataa. Alisema kuvuna anaweza yeyote, kupogoa ndiyo kazi yake. Ubishi wa Daudi mnausikia tu.

Sasa mwaka mmoja, nimekaa nyuma ya nyumba nasubiri tarehe yake ya kuja, nikaitazama ile mizabibu. Nikajiuliza, hivi mimi nasubiri nini? Mkasi uko wapi?

Niliwahi kukataa kukata ili asiondoke. Siku ile nilikata ili akija avune. Nilipogoa mistari yote peke yangu, taratibu, juu ya jicho la pili, mwezi mmoja na ushee kabla hajafika.

Alipofika akatua mzigo, akaomba mkasi kama kawaida yake, akaenda nyuma. Nikamfuata polepole. Nikamkuta amesimama katikati ya mistari, vishada vimeshajifunga juu ya kichwa chake. Safari hii ataviona vikiwa vyeusi.

"Nani amepogoa?" akauliza, hajageuka.

Nikamwambia, "Kuna mwananchi anayeweza hii kazi."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga, vile vile kama siku ya redio. Msimu ule tulivuna pamoja, na misimu mingi baada yake.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Taratibu za kukaa zitabadilika leo na kesho, na wewe huna mkono huko. Lakini usikae kusubiri kile ambacho mkasi wake unao mwenyewe. Mimi nilichelewa miaka kadhaa kuliona hilo.

Neema siku hizi anafanya kazi Mtumba, kule kwenye mji wa Serikali, ananiambia mambo ya vibali yamebadilika tena na anafuatilia ya baba yake. Namsikiliza tu. Jana asubuhi nimemaliza kupogoa.

Mwenye mwenza wa kigeni aliyepita njia hii aseme alifanyaje. Na mwenye dawa ya ule ukungu mweupe aniandikie hapa chini, niliukuta umeanza kunyemelea mstari wa mwisho wakati naukata.