Pai Iliyonukia Bibi Arusi

Aibu hii hata leo nikiikumbuka najifunika uso kwa khanga, na hapo niko peke yangu chumbani, lakini kwa vile mmeniuliza mara nyingi kwa nini kule Koboko kwa wakwe zangu wananiita Pai (si Sauda, Pai!), wacha niwasimulie, mcheke mpaka mchoke, halafu tuyamalize.

Mnanijua mimi ni mtu wa kuota mchana. Nikikaa hapa mlangoni kwangu Awindiri, mjini Arua, nikichambua maharage, mawazo yanachukua njia yake, jirani anapita, ananisalimia mara tatu, anakwenda zake akisema ninaringa. Mama mkwe wangu aliliona hilo siku ya kwanza kabisa. Miezi minane tangu niolewe na Juma sikuwahi kugusa jiko lake. Kila tukienda Koboko ni, "Weye kaa tu, weye iko mugeni," halafu baada ya chakula napewa sahani nioshe. Mtu atasema hiyo ni heshima. Kwetu Wanubi mwanamke wa nyumbani anakaa mbele ya moto, anayewekwa kwenye mkeka ni wa kuja na kuondoka, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa wa kuja na kuondoka. Iliniuma kweli.

Basi wifi yangu Rukia akawa anaolewa. Siku tatu kabla ya harusi, wanawake wa upande wa bwana arusi walikuwa waje kula chakula cha mchana, na jamaa wote wa nyumba walikuwa wameshagawana kazi, huyu kisra, ile mikate yetu myembamba, yule mchuzi wa bamia, na mimi kimbelembele changu kikanituma niseme mbele ya watu, "Mama, mimi nitapika pai ya nyama. Ni haraka, ni rahisi, kwangu tunakula kila wiki." Na haikuwa uongo! Juma anaipenda na haina kazi: unga wa ngano, mafuta, chumvi kidogo, maji ya baridi, unakanda bila kuchosha mikono, katikati unaweka nyama ya kusaga uliyokaanga na vitunguu na karoti, unafunika kwa kipande kingine cha unga, sufuria juu ya sigiri, makaa ya moto juu ya mfuniko, basi.

"Haya," Mama akasema. "Hiyo siku jiko itakuwa yako."

Siku yenyewe nilifika kutoka Arua asubuhi na mapema, nikajifungia jikoni peke yangu, kwa sababu wapishi wengine walikuwa wanapikia nyumba za jirani na wanawake waliobaki walikuwa ndani wakimfukiza Rukia. Moshi wa udi na sandali ulikuwa umejaa nyumba nzima, unatoka madirishani, unatambaa uani polepole, jua linapita katikati yake na kila kitu kinaonekana kama kiko mbali, hata kuku. Nilikaa kwenye kigoda cha Mama. Nilijiona nimezeeka nikiwa hapohapo, wake za wanangu wamenizunguka wananiuliza chumvi inatosha au bado, na mimi natikisa kichwa tu, mtu mkubwa.

Nikanyoosha mkono kuchukua mafuta. Hakuna. Niliyaacha mezani Awindiri, karibu na dirisha, nayaona mpaka leo.

Duka liko hatua chache tu kutoka pale. Ningeweza kusema, "Mama, nimesahau mafuta," nikaenda, nikarudi. Lakini niseme hivyo siku ya kwanza nimepewa jiko? Nikapiga moyo konde, nikaangalia juu ya rafu, nikaona kopo la mafuta ya kupikia, lebo imechubuka, na ndani yake mafuta yameganda, manjano kidogo. Nikasema hii ni samli, Mungu ananipenda. Nikanusa. Harufu ilikuwa nzuri, lakini siku hiyo hata ukuta ulikuwa unanukia vizuri, pua yangu ilikuwa imeshalewa zamani. (Na sisi sote tunajua kwamba kwetu kopo halitupwi, kopo la maziwa lina vifungo na kopo la kahawa lina pilipili. Nilijua! Nikajitia hamnazo.)

Nikakanda. Unga ulikuwa laini ajabu, na mikono yangu ikalainika pia, nikawa najipapasa na kutabasamu. Pai mbili kubwa, kahawia juu, zinapendeza. Baba mdogo Ramadhani alipita akienda msikitini, akakata vipande viwili, kimoja akala, kingine akafunga kwenye karatasi akakitia mfukoni mwa kanzu. Nikamwona anaondoka kwa furaha, nami nikaendelea kuota.

Wageni wakaja, wakaketi mikekani, nikaleta pai mwenyewe kwa mikono miwili. Shangazi wa bwana arusi, mama mnene mwenye sauti yake, akauma. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akanusa vidole. Halafu, naapa hakujua anafanya nini, akaanza kujipaka yale mafuta ya vidoleni kwenye mkono, polepole, mpaka kwenye kiwiko, kama mtu aliyetoka kuoga. Wa pili wake naye akajipaka, na wa tatu, mstari mzima wa wanawake wanajisugua mikono, na mimi nimesimama na sinia tupu nikifikiri labda kwao ndivyo wanavyosifu chakula.

"Binti," akasema yule shangazi, "hii kitu tunakula ao tunapaka?"

Mama akainuka, akaingia jikoni. Alirudi ameshika lile kopo na kuliinamisha, wote waone lilivyobaki na kidogo chini.

"Sauda. Mafuta ya Rukia iko wapi?"

Yalikuwa mafuta ya bibi arusi. Mafuta ya ng'ombe yaliyopikwa kwa siku nyingi na karafuu, maganda ya machungwa na sandali, ya kumpaka siku ya kutoka, na yaliwekwa jikoni kwa sababu vyumba vilikuwa vimejaa magodoro ya wageni. Nikanyoosha kidole, nikaonyesha sahani zao.

Hapohapo Baba mdogo akaingia, kanzu ina doa la mafuta ubavuni. "Nani amefanya mimi hivi? Watu yote msikitini iko wanauliza nimeoa lini!"

Walicheka mpaka wengine wakalala kwenye mkeka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kicheko cha Rukia kilisikika kutoka chumbani, na hapo ndipo nilipolia, maana siku tatu zilibaki na mafuta yake nimewalisha wakwe zake.

Jioni nilikuwa nafunga mkoba wangu. Mama akasimama mlangoni.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani, Mama."

"Na mafuta nani atapika? Lete kigoda. Kaa hapa karibu na mimi, macho yangu ikuone."

Siku tatu nilikaa mbele ya ule moto nikikoroga. Mawazo yakianza kuondoka, Mama ananigonga goti na mwiko, taratibu, bila kuniangalia. Nilijifunza lini karafuu inaingia na lini ganda la chungwa linatolewa kabla halijawa chungu. Rukia alipotoka siku ya harusi, harufu ilimtangulia uani, na yule shangazi akauliza nani aliyapika vizuri hivi.

"Huyu," Mama akasema. "Mutu ya jiko yangu."

Nimeapa: nikisahau kitu nasema nimesahau, hata mbele ya mia, na kopo nisilolijua siligusi. Mama mwenyewe amefunga uzi mwekundu kwenye kopo la mafuta ya kupikia, lisichanganywe tena. Sahani siku hizi anaosha mke mpya wa shemeji yangu, msichana mkimya, anatazama mbali sana. Wiki iliyopita nilimwita jikoni, nikamwonyesha ule uzi kabla hajauliza.