Nyumba Iliyoshushwa Bei Bila Kuombwa

Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, nilipokuwa mwalimu mjini Lushoto, jirani yetu, mjane wa Kizungu, aliiuza nyumba yake iliyokuwa kando ya njia ya Kwai. Ilikuwa nyumba ya fahari: kuta za mawe, dohani tatu, na bafu lililokishinda chumba changu kwa ukubwa. Wenzake nao walikuwa wakiuza na kuondoka, hivyo wanunuzi walikuwa haba. Naye bila kuuza asingepata nauli ya meli ya kumfikisha kwa bintiye.

Kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa, mimi ndiye niliyeandika bei kwenye ubao wa langoni. Kila Jumatatu aliniita, nikafuta, nikaandika pungufu, tena kwa nukta na mikato iliyostahili. Hakuna aliyebisha hodi.

Juma la tano mama yangu, muuza mapeasi sokoni, alisimama mbele ya ubao.

"Mwanangu, nani ameomba apunguziwe?"

"Hakuna, mama. Ameshusha mwenyewe."

"Mwenyewe!" Alicheka hadi akashika nguzo ya lango. "Mapeasi yakishushwa bei kabla hujauliza, ujue ya chini yameoza. Watu wanasema humo mna mzimu, nawe unautangaza kwa mwandiko mzuri!"

Nilimweleza mjane. Alitafakari, kisha akaniamuru nirudishe bei ya kwanza na kuiongeza robo. Niliandika nikiona haya.

Kesho yake alifika mwenye lori la mboga, ambaye siku zote alipita pale bila kugeuza shingo.

"Shikamoo, bibi. Bei hii ni ya nyumba, au pamoja na mlima?"

"Marahaba. Mlima ni wa Serikali."

"Na dohani tatu! Kwani unakausha samaki?"

Walivutana hadi birika la pili la chai, mama akiwa ameketi kando ya mjane. Ghafla mgeni akaaga, akatoka. Mjane alisimama amwite. Mama akamvuta shali.

"Kaa, bibi. Kofia yake ameiacha kitini."

Akarudi, kweli. Walipatana kwa bei iliyozidi kidogo ile ya Jumatatu ya mwisho.

"Nimemkomoa Mzungu," mwenye lori alimnong'oneza mama langoni, uso umemng'aa. Mama alimpa pole na hongera kwa pamoja. Mjane hakuyasikia, alikuwa chumbani, anakunja nguo za safari.