Ukoko wa Mtutu

Kwa miaka mingi nimekana kwamba najua chochote kuhusu bunduki. Mtu akiniuliza babu yangu alifanya kazi gani, hujibu, "Alikuwa klabu," kisha nageuzia maneno kwenye foleni za barabarani. Mwanamke anayefundisha fasihi chuo kikuu na kuandika makala za kuhimiza amani hapendezi kuonekana amelelewa na mtengeneza risasi. Sasa nakubali. Nimelelewa naye, uani kwetu Msimbazi, kati ya kinu cha bibi na kamba ya kuanikia nguo.

Siri ilinitoka mwezi uliopita. Nilikwenda Kariakoo na mwenzangu wa idarani kununua mapazia, na mlangoni mwa duka la dhahabu tukamkuta mlinzi akimlalamikia mwenzake kwamba bunduki yake ikilia inatoa moshi kama kuni mbichi, na ndani ya mtutu kumeota magamba. Kabla sijajizuia nikasema, "Usiilaumu baruti, kaka. Ulizia mafuta." Mlinzi akasimama wima. "Mama, ulikuwa kikosi gani?" Baadaye nilikumbuka kwamba bunduki ya aina ile hailishwi risasi za kupakwa mafuta, kwa hiyo nilichosema kilikuwa upuuzi mtupu, lakini nilikisema kwa sauti ya afande. Hadi leo mwenzangu hunipigia saluti tukikutana kwenye korido.

Ghorofa la duka hilo limekalia kiwanja cha nyumba yetu. Wewe uliyekulia nyumba kama zile huhitaji kuelezwa: korido ndefu katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na bomba, na asubuhi nzima mchi wa bibi ukijibizana na nyundo ya fundi viatu aliyekaa kibarazani kwa jirani.

Babu alikuja mjini kutoka kusini, akafanya kazi ya askari wa wanyamapori mpaka akastaafu, kisha akawa fundi wa klabu ya kulenga shabaha nje ya mji. Wanachama walikuwa na bastola zao za kibali, naye aliyajaza upya maganda yaliyokwisha kupigwa na kuyapachika vichwa vya risasi alivyovimimina mwenyewe kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Vitu vya hatari vyote vilibaki klabu chini ya kufuli. Kilichokuja nyumbani ni mafuta tu. Kila kichwa cha risasi lazima kipakwe mafuta mazito, ili kikipita kwenye mtutu kiteleze kisijibandike njiani. Babu aliyapika kwa nta ya nyuki, kwenye sufuria ambayo bibi alikuwa hataki tena hata kuiona.

Mwaka ule nta iliadimika. Babu akaona si neno, akairefusha ile kidogo aliyokuwa nayo kwa mafuta ya nazi, kama watu wanavyorefusha mchuzi wageni wakizidi. Matatizo yakaanza hapo. Wanachama wakipiga, wingu linafunika shabaha, na mwamuzi inabidi asubiri likatike ndipo ahesabu matundu. Mitutu nayo ikafunikwa ndani na madini ya risasi yaliyoganda, babu akawa anakwangua mpaka jioni. Katibu wa klabu akamwambia kwa upole kwamba Jumamosi wanakuja wageni wa klabu nyingine. Mambo yakiwa hivyo hivyo, watanunua risasi za kiwandani, na yeye atapumzika. Babu alilirudia neno "kupumzika" nyumbani kama mtu aliyesomewa hukumu.

Alishuku baruti. Akaipima upya, akaikausha, akaitukana. Moshi uko pale pale.

Bibi, mzaliwa wa Pwani, alikuwa na pua. Kila Alhamisi alifukiza nguo kwa udi, na angeweza kukutajia jirani gani kachoma udi gani na kama ulikuwa wa kuazima. Jioni moja alilichukua shati la babu kulifua, akaliweka puani, akavuta pumzi.

"Hii si baruti. Haya mafuta yameungua. Umekaanga nini huko?"

"Bibie, hii ni kazi ya bunduki. Rudi kwenye wali wako."

"Wali wangu hautoi moshi."

Babu akaona amempata. "Haya, na ile risasi inayoshika mtutu kama ukoko? Ukoko si kukosa mafuta? Sasa yamezidi au yamepungua? Chagua moja!"

Bibi alilitumbukiza shati kwenye beseni kwanza. "Yote mawili, mzee. Mafuta yako mepesi. Yanaungua kabla hayajafanya kazi. Moshi unaupata, utelezi huupati."

"Nani kakwambia?"

"Sufuria."

Kesho yake alinishika mkono tukaenda kwa fundi viatu, aliyekuwa na donge la nta la kulainishia nyuzi zake.

"Bi mkubwa, hii sitoi. Uzi usipopakwa nta unakatika, wateja wangu watatembea peku."

"Watembee. Mume wangu akishinda nyumbani kutwa, mimi nitahamia hapa kibarazani kwako."

Fundi alikuwa amekwisha kulivunja donge katikati kabla bibi hajamaliza kusema.

Tukapika uani, mimi nikipepea jiko, babu akikoroga, bibi akitoa amri. Nta peke yake iliganda ikawa ngumu, ikapasuka. Ilitaka kulainishwa kidogo, na mafuta ya nazi bibi alikwisha kuyapiga marufuku. Akaingia chumbani, akatoka na kopo la samli ya Idi, ile iliyotiwa iliki, ambayo sisi watoto tulikuwa hatuthubutu hata kuitazama.

"Na hiyo iliki?" babu akauliza.

"Iliki haijamdhuru mtu."

Babu akabeba kopo la mafuta mapya kwenda klabu akisema, "Tutaona." Bibi akaenda bombani kuwatangazia wanawake wa mtaa mzima kwamba wataalamu wa bunduki wameshindwa, mpaka yeye. "Jumamosi mtasikia," aliwaambia. "Labda wanipe mimi huo ukatibu."

Siku hizi kibaraza cha fundi viatu kimejaa kava za simu, na kiwanja cha klabu, naambiwa, kimeota nyumba za watu. Samli ya iliki nainunua dukani kwenye chupa ya plastiki, na mimi, mjukuu wa bibi, sijui kuipika.

Jumamosi ile, baada ya alasiri, duka la kona ndilo lililokuwa na simu, na wanawake wote wa bombani walikuwa wamekumbuka kwamba wanahitaji chumvi. Simu ikalia. Mwenye duka akasikiliza, akaita, "Bi mkubwa, klabu!"

Bibi aliushika mkono wa simu juu chini, akageuziwa. Katibu alikuwa anapaza sauti, kila mtu akasikia. Moshi umepungua. Mitutu ni safi. Mzee aje kazini Jumatatu kama kawaida.

"Ila, mama, wageni wanauliza, haya mafuta kachanganya nani? Tumemuuliza mzee, amesema tupige huku."

Wanawake wa bombani wakasogea. Bibi akaiweka vizuri khanga yake kichwani, akawatazama mmoja mmoja, kisha akakisogelea kile chombo na kupiga kelele, kana kwamba klabu iko ng'ambo ya bahari:

"Mume wangu! Nani mwingine?"