Siku Nilipomchagulia Mume Wangu Arbaleti

Kwa miaka sita, kila mshale wa mume wangu uliomkosa mnyama, mwenye kosa nilikuwa mimi. Si kwamba nilikuwa porini nikimsukuma mkono. Nilikuwa nyumbani kwetu Dilala, mjini Kolwezi, kwenye cherehani yangu, natia uzi kwenye sindano. Lakini kwa watu wa mume wangu, watu wa kaskazini ya Katanga, jambo hilo halina mjadala: mwindaji akikosa, mke wake amechafua nyumba. Amegombana na mtu, au amempa jirani chumvi, au, na hapo mamamkwe alikuwa akishusha sauti kwa utamu, amelala na mwanaume.

Na mi kazi yangu ni kushona suruali. Suruali za wanaume. Sasa niambie, utapimaje suruali bila kumshika mtu kiuno? Mume akiwa porini nilitakiwa nifunge cherehani, nisipeane mkono na mwanaume yeyote, nisimpe mtu moto wala chumvi, na nisikasirike. Nisikasirike! Mimi! Siku yenyewe ni Jumamosi, siku ya wateja.

Mume wangu alikuwa karani kwenye depo ya madini. Ijumaa akitoka kazini alipanda pikipiki akaelekea upande wa ziwa la Nzilo, akalala huko kwenye kambi ya wavuvi, akarudi Jumamosi jioni. Bunduki hakuthubutu. Huko kila kilima kina kampuni yake na kila kampuni ina askari wake. Ukipiga risasi moja, wanakuja kumi. Ndiyo maana akawa na arbaleti, yaani upinde uliofungwa kwenye kitako kama cha bunduki. Unavuta kamba, unaweka mshale, unafyatua, na hakuna anayesikia.

Ile ya kwanza alitengenezewa mtaa wa Kasulo na fundi wa kuchomelea, kwa springi ya gari bovu na waya wa breki. Fundi mwenyewe alikuwa na haraka ya kurudi kwenye shimo la madini alilochimba chini ya chumba chake cha kulala, na kazi yake ilionyesha hivyo. Mshale ulikwenda kushoto. Kila mara kushoto. Siku moja nilimwona kwa macho yangu akilenga mpapai, akapiga mlango wa choo cha jirani, na jirani yumo ndani.

“Papa,” nikamwambia mume wangu, “hii kintu inapiga kushoto.”

“Arbaleti haina kosa,” mamamkwe akajibu kwa niaba yake. “Chuma haina moyo. Muntu njo eko na moyo.”

Mamamkwe alikuwa akiishi nasi. Anaimba kwenye kwaya ya parokia, na hakuna mtu mwenye akili kumzidi kwenye mtaa wetu, nalisema hili ingawa linaniuma. Padri aliniungamisha mara moja kwa mwezi. Mamamkwe aliniungamisha kila Jumapili baada ya misa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani, akaniketisha kwenye mkeka. “Sema, mama. Ukisema, itaisha.” Nilikuwa sina la kusema, na haikuisha.

Jumapili moja nilichoka. Bukari, ugali wetu, ilikuwa inapoa mezani, njaa inaniuma, basi nikaungama kwamba nimeota nacheza dansi na mwanaume mrefu mwenye viatu vyeupe. Uongo mtupu. Viatu vyeupe niliviongeza tu kwa raha zangu. Faini yangu ikawa kuku mmoja. Juma lililofuata mume wangu akarudi na kanga, kanga mkubwa mwenye mafuta, na mamamkwe akainua mikono mbinguni. Kuanzia siku hiyo hakuna mtu ambaye angemwondolea imani yake, na ujinga huo niliufanya kwa mdomo wangu mwenyewe.

Halafu ule waya wa breki ukakatika, nusura umng'oe mume wangu sikio. Akatangaza kwamba sasa atanunua arbaleti mpya, ya dukani, kutoka China. Mamamkwe naye akatangaza la kwake, bila hasira, huku akichambua mboga ya lengalenga.

“Bon. Ile ingine ilikuwa ya kuchomea-chomea. Hii itakuwa ya kiwanda. Kama inakosa mara tatu, tutaita bakubwa ba familia, turudishe huyu mama kwabo.”

Kwetu! Nina watoto watatu. Tena yule mwanaume nilimpenda, nisidanganye, nilimpenda vibaya sana, hata harufu ya pikipiki kwenye koti lake niliipenda. Nikamtazama mume wangu aseme neno. Alikuwa anajishika sikio. Nikasema moyoni, hiyo arbaleti nitaichagua mimi.

Duka lilikuwa hapo hapo Dilala, limejaa sola na majenereta. Nilifika na mume wangu mbele yangu na gunia la vipande vya vitambaa kichwani, vile vinavyobaki nikikata suruali, nimevishindilia mpaka gunia limekuwa gumu.

“Papa, karibu. Mama, unatuletea nini?” muuzaji akauliza.

“Naleta nyama ya pori,” nikamwambia. “Tuko na kuja kuipiga.”

Alikuwa na arbaleti mbili. Moja kubwa, imepakwa rangi za majani, ina darubini, ina taa nyekundu, ina mkanda na mfuko. Nyingine ndogo, nyeusi, haina hata ua. Mume wangu alishika ile ya majani, akatoa kifua, akakunja uso, akasimama kama anapigwa picha. Nilijua nimeshampoteza.

“Hii nyeusi ni ya banamuke,” muuzaji akasema, akiisukuma pembeni.

“Muzuri,” nikasema. “Maana nyama ikikoseka, banamuke njo tunaulizwaka.”

Nikaomba tuzijaribu. Muuzaji alikataa, nikakaa juu ya jenereta lake, nikaanza kuwaeleza wateja wengine jinsi majenereta ya namna ile yanavyokufa. Hapo akakubali. Tuliweka gunia mwisho wa ua wa nyuma, muuzaji akaegemeza arbaleti juu ya meza, akapiga kwa kila moja mishale mitatu. Ile ya majani ilipiga mshale mmoja juu, mmoja pembeni, na wa tatu ukaingia kwenye katoni ya betri.

“Ni upepo,” akasema.

Kulikuwa na ukuta pande zote nne. Ile nyeusi mishale yake mitatu niliifunika kwa kiganja. Nikaichukua, nikafumba jicho moja, nikatazama kamba na ile njia ya mshale kama ninavyotazama pindo la suruali ya bwana harusi. Ilikuwa imenyooka kabisa.

“Ile ya majani inaonekana muzuri,” mume wangu akasema kwa sauti ya mtoto.

“Papa, nyama ya pori haiangaliake mapambo.”

Alinunua nyeusi. Tulirudi watatu kwenye pikipiki moja ya teksi, dereva, yeye na mimi, na gunia katikati, na hakunisemesha mpaka nyumbani.

Kwa kuwa simwamini mtu akiniambia kitu kimenyooka, nililitundika lile gunia kwenye ukuta wa nyuma na kulishonea kifungo katikati. Mume akienda kazini na mamamkwe akienda kwaya, mi nilikuwa najifunza. Unaweka mguu kwenye chuma cha mbele, unavuta kamba kwa mikono miwili mpaka inalia, unaweka mshale, unatulia. Mtu anayetia uzi kwenye sindano kutwa nzima ana macho. Baada ya majuma mawili nilikuwa nimeshavunja vifungo vinne.

Yeye kule porini akakosa paa, aliyekuwa karibu, akasema, kama hapo mlangoni. Jumamosi iliyofuata akakosa ndezi, na ndezi mwenyewe alikuwa amelala. Ya tatu akakosa kundi zima la kanga. Kundi zima! Hata ukitupa kiatu unampata mmoja.

Jumapili hiyo mamamkwe alikaa kwenye kiti chake na hakushusha sauti. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Mama,” akaniambia, “mi nilikuzoea. Lakini kesho tutaita bakubwa.”

Nikamjibu nikiwa nimesimama. “Akaa! Leo siketi kwenye mkeka. Leo tunapima.”

Nikaingia ndani, nikatoka na arbaleti, nikaweka mguu, nikavuta. Nilipiga mara tatu. Kifungo kilipasuka mara ya kwanza, na mishale miwili iliyobaki ikasimama pale pale kilipokuwa. Mume wangu akauliza nimejifunza wapi, nikamjibu, “Hapa hapa, wakati uko ku kazi.” Nikang'oa mishale, nikamkabidhi. “Piga na weye.”

Akapiga. Mitatu yote iliingia kwenye matundu yangu. Nisimnyime haki yake, alipiga vizuri kuliko mimi.

“Basi,” nikasema, nimeweka mikono kiunoni, “chuma kimenyooka na mukono umenyooka. Kunabaki moyo. Wangu mumeuungamisha miaka sita mpaka sabuni imeisha. Wa huyu, nani alishaka kuuuliza?”

Nilikuwa natania. Haki ya Mungu nilikuwa natania, nilitaka tu mamamkwe acheke na habari ya wakubwa iishe. Naye alifikiri kidogo, maana ni mtu wa haki, akakubali kwa kichwa.

“Ni kweli. Mwindaji naye eko na mwiko wake. Sikumuulizaka hata siku moja.” Akaanza kucheka, akageuza kiti. “Mutoto wangu, leo ni zamu yako. Sema, itaisha.”

Tulicheka, mi na yeye, nilicheka hadi nikajishika mbavu. Mume wangu alikuwa amekwenda kwenye gunia kung'oa mishale. Aling'oa wa kwanza. Aling'oa wa pili. Wa tatu aliushika na hakuutoa, na hakugeuka.

“Mutoto wangu?” mamamkwe akasema. Kicheko kilikuwa bado mdomoni mwake.

“Ku Nzilo,” akauambia ukuta.

“Nini ku Nzilo?”

“Eko mama moja. Na mutoto.”

“Tangu wakati gani?”

“Kabla ya ile arbaleti ya springi.”

Hakukuwa na paa mlangoni, wala ndezi aliyelala. Yule kanga mwenye mafuta sijui alimnunua kwa nani. Miaka sita arbaleti zile zilikuwa zinakwenda kutembea tu, mgongoni mwake, na kurudi. Mamamkwe aliteremka kwenye kiti, akaja akaketi kwenye mkeka, pale nilipokuwa nikiketi mimi, akanishika mguu. “Unisamehe, mama,” akasema, “unisamehe,” na watoto wakatoka ndani kutazama nani analia.

Nilikuwa nimeshinda. Hakuna mtu Kolwezi nzima aliyekuwa hana kosa kunizidi. Na mi nilisimama pale uani nikitamani kosa liwe langu, maana la kwangu ningelijua ukubwa wake, ningelisema, tungechinja kuku, watoto wangegombania mapaja, na Jumatatu yule mwanaume angekwenda kazini akiwa bado mume wangu.